Roboti ya mtoto isiwe kazi ya baba

Kila sikukuu inapopita, iwe Idi au Krismasi, kuna maneno yanayosikika katika nyumba nyingi zenye watoto: "Baba, nigeuzie." Mtoto ameshika ndege ya kivita ya plastiki ambayo, kwa mujibu wa picha ya kwenye boksi, inatakiwa igeuke roboti shujaa. Baba anaweka simu chini. Anavuta bawa, anakunja mkia, anatafuta kichwa kimefichwa wapi, anarudi kwenye karatasi ya maelekezo yenye michoro midogo isiyosomeka. Mtoto amesimama pembeni anatazama. Hatimaye roboti inasimama, mtoto anacheza nayo kidogo, kisha anaitaka tena ndege yake. "Baba, nirudishie." Baba ameshatoka, mama yuko jikoni anasonga ugali, dada mkubwa ana mtihani kesho. Haipiti wiki utakikuta kichezeo kile chini ya kochi kimekwama katikati: upande huu mguu wa roboti, upande ule bawa la ndege, na mkono mmoja haujulikani ulipo.

Nimeyaona haya kwa ndugu, kwa majirani na kwa marafiki, katika nyumba zenye uwezo na zisizo nao, na msimamo wangu ni huu: kichezeo cha kugeuka ambacho mtoto hawezi kukigeuza mwenyewe, kwenda na kurudi, ni kichezeo kibovu. Hata kama ni halisi na si kopi. Hata kama kina sura ya shujaa anayependwa kuliko wote. Hata kama kimenunuliwa kwa pesa ambayo ingelisha nyumba siku tatu. Tumezoea kuvipima vitu hivi kwa macho: rangi, taa, mlio na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Kipimo chake kiko mikononi, na mikono yenyewe si yangu wala yako. Ni ya mtoto wa miaka mitano, sita au minane atakayekaa nacho sakafuni.

Wapo watakaosema kwamba taifa lina mambo mazito kuliko vichezeo. Ni kweli. Lakini mzazi mwenye kipato cha kila siku anayeweka akiba wiki nzima ili mwanawe naye ashike kitu siku ya sikukuu anafanya jambo zito. Pesa yake inastahili kutendewa haki.

Ndege ya mwaka 1984

Vichezeo hivi vina historia, na historia hiyo inafundisha mengi kuhusu namna ya kuvipima. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza mwaka 1980 kuuza mfululizo ulioitwa Diaclone. Roboti zake zilikuwa mitambo tu, ikiendeshwa na vidoli vidogo vyenye sumaku nyayoni. Baadaye zikaja roboti zilizogeuka magari na ndege za kawaida zinazoonekana duniani, mojawapo ikiwa ndege ya kivita ya Marekani, F-15. Hasbro, kampuni ya vichezeo ya Marekani, ikazichukua roboti hizo pamoja na nyingine za Takara, na mwaka 1984 ikazitoa kwa jina la Transformers. Kampuni ya Marvel ilipewa kazi ya kuzitungia maisha. Mwandishi Bob Budiansky ndiye aliyezipa nyingi kati yake majina na tabia, na ile F-15 ikawa Starscream, msaidizi mwenye tamaa asiyelala akiwaza namna ya kumpindua bwana wake Megatron.

Angalia kilichotokea hapo. Plastiki ileile, bawaba zilezile, lakini sasa zina jina na kisa. Tena kwa umbo hilohilo Hasbro iliuza ndege tatu: Starscream, Thundercracker na Skywarp, tofauti zao zikiwa rangi na alama. Mtoto aliyekuwa na mmoja alitaka wa pili na wa tatu, ilhali kwa mkono alikuwa tayari ameshamaliza yote yaliyomo. Simlaumu mtoto, kwa sababu kisa ni sehemu ya mchezo na bila kisa roboti ni rundo la viungo. Ninachotaka mzazi aone ni kwamba jina na mtambo ni vitu viwili tofauti, na dukani tunauziwa jina kwanza.

Ile F-15 ya mwanzo, kwa uzuri wake wote, ilikuwa na kasoro ambayo hadi leo inasumbua nyumba zetu. Ngumi za roboti zilikuwa vipande vya pembeni, vya kuchomeka. Mabawa hivyohivyo, na mapezi ya mkia, na virusha makombora na makombora yenyewe. Ukitaka ndege, ngumi unazichomoa na kuziweka mahali. Mahali gani? Kwa mtu mzima aliye na kabati la vioo, jibu ni rahisi. Kwa mtoto anayecheza barazani, ngumi ikidondoka mchangani imekwenda, na kuanzia siku hiyo roboti ni kilema. Kwa hiyo swali la kwanza ninaloshauri mzazi amuulize muuzaji ni hili: inageuka bila kuchomoa kitu? Kama ndani ya boksi kuna kipakiti cha vipande vidogo vya kupachika, jua kwamba baadhi ya vipande hivyo havitaiona sikukuu ijayo.

Kawamori na umbo la katikati

Katika ufundi huu kuna mtu mmoja ambaye kila anayetengeneza vichezeo vya kugeuka angepaswa kumsoma: Shoji Kawamori wa Japani. Yeye ndiye aliyebuni ndege ya VF-1 Valkyrie kwa ajili ya tamthilia ya katuni ya Macross iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1982. Ndege hiyo, iliyofuata sura ya F-14, haikuwa na maumbo mawili bali matatu. Kati ya ndege na roboti kulikuwa na umbo la tatu: mwili wa ndege wenye miguu iliyokunjuliwa chini na mikono iliyotoka ubavuni. Kampuni ya Takatoku ilipoitengeneza kuwa kichezeo, maumbo yote matatu yalisimama. Hasbro iliichukua hata hiyo, na mwaka 1985 ikauzwa ndani ya Transformers kwa jina la Jetfire.

Kwangu mimi umbo lile la katikati ni somo kubwa. Kawamori anajulikana kwa kuijaribu migeuzo yake kwa matofali ya Lego kabla haijawa michoro ya kiwandani, yaani anaitafuta njia kwa vidole. Ndiyo maana hata mtoto akiishia njiani, mkononi mwake bado kuna kitu chenye maana, kinachosimama, anachoweza kukirusha hewani akiiga mngurumo wa injini. Linganisha na roboti zinazojaa kwenye meza za wauzaji wetu, ambazo kati ya mwanzo na mwisho hakuna pa kupumzika. Ukikosea hatua ya nne, hatua ya tisa inagoma, na mtoto hajui arudi wapi. Anavuta kwa nguvu. Kinachofuata ni mlio wa plastiki kukatika, na baada ya hapo kilio, na baada ya kilio, katika nyumba nyingine, fimbo. Mtoto anachapwa kwa "kuharibu vitu", wakati aliyekosea ni mbunifu aliyeko maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Mgeuzo mzuri unamwongoza mtoto wenyewe. Sehemu ikifika mahali pake inatoa mlio mdogo, "ta", na inashika. Sehemu isiyotakiwa kwenda upande fulani inakataa mapema na kwa upole, kabla ya kufika pa kuvunjika. Mguu hauwezi kukunjuka mpaka bawa lipishe, na bawa likipisha mguu unajionyesha. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuufuata mpangilio wa namna hiyo, kwa sababu kila hatua inamwonyesha inayofuata. Je, karatasi ya maelekezo yenye lugha ya kigeni ingemsaidia nini?

Sura ya shujaa si mtambo

Mwaka 2008 Hasbro iliwaunganisha mashujaa wa Marvel na ufundi wa Transformers. Miongoni mwao alikuwemo Iron Man, shujaa aliyezaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1963, safari hii akigeuka ndege ya kivita. Kichezeo chenyewe kinavutia macho, chekundu na dhahabu. Lakini fikiri: Iron Man anaruka kwa vazi lake. Hahitaji kuwa ndege ili apae. Megatron na wenzake ni mashine zinazojificha katika sura ya vyombo vya kawaida, hivyo kugeuka ndiyo asili yao. Shujaa aliye mtu ndani ya vazi anapopewa mabawa na magurudumu, kisa hakiwezi kukibeba kichezeo. Mtambo ndio unaotakiwa kukibeba. Kama mtambo ni dhaifu, kilichobaki ni sura ya mtu maarufu iliyobandikwa kwenye plastiki, na mtoto ataigundua siri hiyo siku ileile.

Jambo hili linatuhusu sana, kwa sababu vichezeo vinavyofika Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, au Kamukunji jijini Nairobi, mara nyingi ni kopi zilizochanganya mashujaa bila mpangilio. Utakuta kifua cha Iron Man, kichwa cha shujaa mwingine, mabawa ya ndege isiyojulikana, na jina kwenye boksi lililoandikwa karibu sawa na la kampuni halisi ila herufi moja imebadilishwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Boksi lina dirisha angavu, roboti imefungwa kwa nyaya ionekane imesimama imara, na kando yake kuna mchoro wa moto na miale. Ukiitoa kwenye nyaya, inaanguka.

Naomba nieleweke. Sisemi kila kisichokuwa na jina kubwa kitupwe. Mzazi ananunua kulingana na mfuko wake, na zimo kopi zinazogeuka vizuri, kama ambavyo zimo roboti halisi zinazomshinda hata mtu mzima. Mwaka 2006 Takara Tomy ilitoa Starscream wa mfululizo wa Masterpiece, ambaye Kawamori mwenyewe alishiriki kumbuni. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu inayolenga wakusanyaji watu wazima. Umnunulie mtoto wa miaka sita? Utakuwa umejinunulia wewe. Kwa upande wa pili Hasbro ilipotoa roboti za Rescue Bots kwa watoto wadogo, ilipunguza hatua mpaka mgeuzo ukawa mvuto mmoja au miwili. Wapenzi wakubwa wanaweza kuziona ni za kitoto. Ni za kitoto, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Kwenye maboksi ya miaka ya karibuni kampuni hiyo huandika hata idadi ya hatua za kugeuza. Mzazi aitafute namba hiyo kabla ya kuangalia rangi. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, hatua zikizidi saba au nane mimi ningekirudisha kwenye rafu.

Shika bega, tikisa goti

Tufike kwenye plastiki yenyewe. Roboti ya kugeuka inakufa kwenye viungo, mara chache kwingineko. Vipo viungo vya pini, ambapo kijiti cha chuma kinapita katikati ya bawaba, na vipo vya gololi, ambapo kichwa cha mviringo kinabanwa ndani ya tundu. Pini ya chuma hudumu, lakini ikilazimishwa, plastiki inayoizunguka hupasuka na hakuna gundi ya dukani itakayoirudisha kwa muda mrefu. Kiungo cha gololi kikivutwa kupita kiasi huchomoka, na mtoto anakirudisha mwenyewe kwa kubonyeza. Kwa watoto wadogo naipenda gololi kwa sababu hiyohiyo: inasamehe. Mabega na nyonga zikiwa za gololi, roboti ina nafasi ya kuishi.

Skrubu nazo zitazamwe. Roboti iliyofungwa kwa skrubu inaweza kufunguliwa na fundi wa redio mtaani, springi ikarudishwa mahali pake. Iliyogandishwa kwa gundi ikishavunjika imekwisha. Katika nyumba ambayo kichezeo kinarithiwa kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, na kutoka kwake hadi kwa binamu wa kijijini, tofauti ya skrubu na gundi ni tofauti ya miaka.

Watoto wetu si wageni wa mitambo. Anayetengeneza gari la waya lenye usukani mrefu, magurudumu ya vifuniko au vipande vya kandambili, na ekseli inayokata kona, anajua kiungo ni nini na kwa nini kinalegea. Mpe mtoto huyo roboti ambayo anaona bawaba yake ikifanya kazi, ataichunguza kwa heshima, na kesho utamwona anajaribu kukunja waya ili gari lake nalo ligeuke. Mpe ambayo kila kitu kimefichwa ndani, inalia na kuwaka taa kwa kubonyeza kitufe, atabonyeza mpaka betri iishe. Kichezeo cha kwanza kinamwacha na swali. Cha pili kinamwacha na dai la betri mpya, tena kwa mama asiye na pesa ya betri.

Kombora dogo, koo dogo

Hapa sitaki mzaha wala huruma kwa mfanyabiashara yeyote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Mattel iliuza Marekani vyombo vya angani vya tamthilia ya Battlestar Galactica, vyenye makombora madogo yaliyorushwa kwa springi. Mtoto mmoja alikwamwa na kombora kooni akafariki. Vichezeo hivyo vikaondolewa sokoni, na tasnia nzima ikabadilika. Ndiyo maana roboti za Japani zilipoingia Marekani mwaka 1984, springi za makombora yake zilidhoofishwa.

Kuanzia mwaka 1980 sheria ya Marekani imetumia silinda ndogo kupima vichezeo vya watoto walio chini ya miaka mitatu. Upana wake ni takriban milimita 32, ukikadiria koo la mtoto mdogo. Kipande chochote kikiingia chote ndani ya silinda hiyo, kichezeo hakiuzwi kwa watoto wa umri huo. Nyumbani, kibomba cha karatasi ya chooni kinasaidia: ni kipana kidogo kuliko silinda hiyo, kwa hiyo kinachopita ndani yake kisikaribie mkono wa mtoto mdogo. Hata kama kichezeo ni cha kaka yake wa miaka minane, kumbuka wote wanalala chumba kimoja na kutambaa sakafu moja. Wapo wanaopenda kusema mtoto akililia wembe mpe. Kwa kombora la kurushwa kwa springi nawapinga kabisa.

Betri ndogo bapa, zile za saa, ni hatari kubwa zaidi. Mtoto akimeza moja na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Kifuniko cha betri kiwe na skrubu inayohitaji bisibisi. Kama kinafunguka kwa ukucha, kiache dukani. Kuhusu rangi: mwaka 2007 mamilioni ya vichezeo yalirudishwa kutoka masoko ya Marekani na Ulaya, baadhi kwa sababu ya risasi iliyokuwemo kwenye rangi zake, na mwaka uliofuata Marekani ikakaza sheria. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hutia mdomoni kila anachokipenda. Rangi inayobanduka kwa kusuguliwa na kidole kilicholowana haifai kuingia nyumbani, hata kama roboti ni ya bure.

Fungueni maboksi

Haya yote mzazi hawezi kuyapima akiwa amesimama mbele ya boksi lililofungwa. Na hapo ndipo lilipo dai langu kwa wauzaji. Mnunuzi wa redio huwashiwa redio, mnunuzi wa viatu huvijaribu, hata balbu ya taa hujaribiwa dukani kabla ya kulipiwa. Kwa nini kichezeo pekee kiuzwe kwa imani? Wengi hujibu kwamba boksi likifunguliwa bidhaa haiuziki tena. Basi kifunguliwe kimoja cha mfano, kifungwe kwa kamba mezani, kila mtoto apite akiguse, ajaribu kukigeuza na kukirudisha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayeiamini roboti yake hatapata hasara kwa kuiacha iguswe. Asiyeiamini ametuambia tunachotaka kujua.

Kwa waagizaji: mnakwenda wenyewe hadi Guangzhou na Yiwu, na wengine mnafika Chenghai mjini Shantou, moja ya vituo vikubwa vya vichezeo vya plastiki duniani. Mnachagua kwa katalogi na kwa bei ya katoni. Chukueni sampuli moja, igeuzeni mara hamsini mkiwa palepale kiwandani kabla ya kulipa. Kama bega limelegea kabla ya mara ya thelathini, katoni mia moja za bega hilo zinakuja kuliza watoto wa watu.

Na kwa mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS: viwango vya usalama wa vichezeo vipo, na watu wenye ujuzi wa kuvipima wapo. Tunachohitaji ni kuviona vikifanya kazi mezani kwa machinga wiki mbili kabla ya sikukuu, wakati mzigo mkubwa unaposhuka, pamoja na onyo la umri lililoandikwa kwa Kiswahili kwenye kila boksi. Mama anayenunua kwa taa ya barabarani saa mbili usiku, mtoto mgongoni, hawezi kusoma onyo la Kichina. Alisome kwa lugha yake, kisha amuulize muuzaji amfungulie, na mtoto apewe nafasi ya kuigeuza ndege hiyo mwenyewe kabla noti haijatoka mkobani.